Kwa Aliyekufa Mara Nyingi Kwenye Sinema na Mara Moja Nyumbani

Mwaka umetimia tangu ulipolala barazani na buti zako miguuni, tukakuita, ukakataa kuamka.

Nafasi ya picha hapo juu imeachwa wazi kwa makusudi, wala gazeti lisilaumiwe. Jina lako nalo hutalikuta humu. Wewe unajua kwa nini. Wasomaji wasio Waanangu nitawaambia kwa kifupi: kwetu sisi watu wa jangwani, hapa katikati ya Australia, mtu akifa hatulitaji jina lake wala hatutazami sura yake mpaka wakubwa wa familia waseme basi. Jina linamwita. Picha inamkawiza. Na mtu anayeitwaitwa kila siku atafikaje anakokwenda?

Kwa marehemu mwingine si kazi ngumu. Unageuza picha ukutani, unafunga mdomo. Kwako imekuwa kazi kwelikweli, mume wangu, maana uso wako umo kwenye kila televisheni ya nchi hii.

Tulifanya yote yanayopasa. Nyumba tuliifukiza moshi wa majani mabichi, tukahamia kwa dada yako Noreen. Kaka yako Hector alishika simu akawaomba watu wa vituo vya televisheni wakupumzishe, na wengi wakasikia. Binamu yako fundi magari, ambaye ni wajina wako, alilipoteza jina lake siku ileile. Mwaka mzima anaitwa Kunmanara, kama tunavyomwita kila mtu ambaye jina lake limeondoka na marehemu. Ananilalamikia mpaka leo.

"Shemeji, yeye kafa zake, sawa. Lakini mimi kaniua nikiwa chini ya gari nabadilisha oili. Haki iko wapi?"

Ungemsikia ungecheka mpaka ushike mbavu. Labda umemsikia. Hilo ndilo lililotusumbua mwaka huu wote.

Watu wa sinema walikukuta mchunga ng'ombe, kijana mwembamba mwenye kofia kubwa. Walitaka mtu wa kuanguka kutoka juu ya farasi. Ukaanguka vizuri, wakakupenda, na mwaka uliofuata wakakuita uanguke tena. Tangu hapo umepigwa risasi, umezama mtoni, umeumwa na nyoka, umekufa kwa kiu, umeachwa jangwani na wazungu waliopotea wakakulaumu wewe. Hector alikuwa akikuuliza kwenye simu, "Safari hii umekufa kwa nini?" Ukimjibu kiu, anasema, "Afadhali. Risasi zinaharibu mashati."

Usipokuwa unakufa, ulikuwa unafuata nyayo. Katika ile tamthilia ya polisi ulikaa miaka mingi, na maneno yako yalikuwa yaleyale: "Amepita huku, bosi." Ulipenda kusema kazi yako ni kunyoosha kidole. Na kila ulipofika kazini, jambo la kwanza walikuvua buti, maana mtu mweusi wa kwenye sinema hana viatu. Wewe! Mtu uliyezing'arisha buti zako kila Jumapili hata kama huna pa kwenda. Ulikuwa ukirudi nyayo zimechanika, unakaa barazani unazipaka mafuta ya ndege emu, unaniambia, "Muriel, leo tena nimefundishwa kutembea." Mimi nilicheka. Wewe hukucheka sana.

Lakini hukuwa mtu wa kukaliwa kichwani. Kuna mwaka walikutaka uimbe wimbo wa siri wa wazee, eti upambe picha. Ulikataa, ukaingia garini ukakaa humo mpaka jua likazama. Kesho yake uliwaona wanahangaika, ukawahurumia, ukasimama juu ya jiwe ukawaimbia kwa lugha yetu wimbo ulioutunga palepale, wa mwanamke aliyeunguza mkate majivuni na mume anayelalamika. Walitokwa machozi. Wimbo ule umo kwenye filamu hadi leo, na kila ilipoonyeshwa kwetu watu walianguka chini kwa kicheko. Mwanamke aliyeunguza mkate ni mimi. Nimekusamehe.

Nyumbani ulifanya mazoezi ya kufa. Ulijinyoosha kwenye godoro la barazani, macho wazi, hupepesi, nzi wanatembea mpaka kwenye kope. Wapwa zako walikutekenya, walikumwagia maji, walikuwekea mkia wa kangaruu uliochomwa karibu na pua. Hukutikisika mpaka mmoja apige kelele kama mwongozaji, "Kata!" Hapo unafufuka na kudai chai yenye sukari nyingi.

Siku ile pia walipiga kelele. "Kata, Mjomba! Kata! Wamemaliza, amka!" Wakacheka, nami jikoni nikacheka. Noreen akasema, "Leo ameiva kabisa, mpeni tuzo." Tulikaa tukikusifu. Chai yako niliimimina nikaitia sukari, nikakuletea, na mkono wangu uliogusa wako ndio uliojua kabla yangu.

Daktari alisema moyo. Mimi mpaka leo nikipita penye godoro lolote barazani, neno lile linanijia mdomoni. Kata.

Sasa nimzungumzie Mama, maana tangazo hili kwa kweli ni lake.

Mama yangu, Bibi Maudie, hajawahi kukutazama usoni. Wenye wakwe watanielewa. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani wala hawasemeshani. Hiyo ni heshima iliyo juu ya heshima zote. Mliishi ua mmoja tangu uliponioa. Nyama ulimletea kupitia mimi, na yeye mkate wako alikupikia kupitia mimi. Ukifika mlangoni ulikohoa kile kikohozi chako kikavu, asikie. Mama alichukua fimbo yake akatoka kwa mlango wa nyuma, ndipo ukaingia. Ule mlango haukukaa wazi, upepo uliufunga kila mara, na ulipopata ile tuzo ya shaba ya Sydney, ulisema hatimaye umepata kitu cha maana cha kuuzuia. Tuzo yako imezuia mlango wa Mama mpaka imepata kutu.

Kikohozi kile ulikizoea hata ukakipeleka kazini. Kwenye tamthilia, kila unapoingia kituo cha polisi unakohoa kwanza. Bwana mmoja wa Sydney alisema redioni kwamba ni ufundi mkubwa wa uigizaji. Mama aliposikia alisema, "Ufundi gani? Ana adabu tu."

Na televisheni alikuwa anaifuatilia, usidhani. Aligeuza kiti, akaipa mgongo, akasikiliza. Alizijua kazi zako zote kwa sikio. Alijua ulikufa kwa nini katika ipi.

Miezi michache baada ya kukuzika, Mama alikuwa dukani, ameketi kwenye benchi karibu na friji, mgongo kwa televisheni kama kawaida yake, anasubiri mkate utoke garini. Kituo kimoja, ambacho ama hakikusikia ombi letu ama hakikujali, kikairudia ile tamthilia ya polisi. Lile onyo ambalo televisheni zetu hutanguliza, kwamba kuna sura za waliofariki, lilipita haraka, na msichana wa duka hakuiwahi rimoti. Mlango wa kituo cha polisi ukalia. Ukakohoa.

Duka zima liliinama. Mwingine alijifunika kwa mfuko wa viazi. Kunmanara aliingia chini ya meza ya kulipia, mwili mzima ule. Mimi nilifumba macho, lakini kikohozi hakifumbiwi macho.

Mama aliinuka. Hakuwa na haraka. Alichukua fimbo yake, akapita katikati ya magunia ya unga, akatoka kwa mlango wa nyuma na kuuacha wazi, ili mkwe wake aingie.

Nilimkuta nje amesimama juani penye mapipa ya taka.

"Mama, unafanya nini huku?"

"Mkwe wangu ameingia. Akishamaliza kununua vitu vyake utaniita."

Nilimtazama. Hakuwa anatania. Kisha naye akakisikia alichosema, akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Muriel, ameingia kweli. Nimemsikia."

Tangu siku hiyo hakukuwa na amani. Tuko mezani kwa Noreen tunakula, Mama anainua kichwa, anachukua fimbo, anatoka nyuma. Sajenti, mbwa wako, anatazama mlango wa mbele na kutikisa mkia. Noreen vijiko vinamtoka mkononi.

"Mama, kaa chini bwana, chai inapoa," namwambia. "Hakuna mtu."

"Nyie ndio hamna adabu. Mtu anakohoa mlangoni nanyi mnatafuna."

Tulifukiza nyumba mara nyingine. Haikusaidia. Majira ya baridi yalipofika, ile baridi yetu inayogandisha maji kwenye ndoo, bado alitoka. Alikaa nje nyuma ya nyumba na blanketi moja akisubiri uondoke, nami nikimrudisha ndani anatoka tena. Kifua kikambana. Nesi wa zahanati alinivuta pembeni akaniambia mwanamke wa umri ule hatauvuka msimu mwingine namna hii. Nilianza kuona nitawazika wawili kwa kikohozi kimoja.

Nilimuuliza anataka nini ili akae ndani.

"Si mimi, ni yeye," alisema. "Kuna jambo hajaniambia. Maisha yote yale hatukusemeshana hata neno. Mtu hawezi kwenda huku mdomo wake umejaa."

Nikwambie na langu, mume wangu. Kila Mama alipoinuka, mimi niliutazama mlango wa mbele. Niliogopa, na moyo uliruka kwa furaha. Vyote viwili.

Kuna ile filamu yako ya mwisho, uliyoimaliza wiki chache kabla ya godoro. Mwongozaji wake, yule binti wa Adelaide anayeitwa Renata, aliiweka kabatini mwaka mzima bila kusukumwa na mtu, akisubiri neno letu. Mungu ambariki. Ni filamu ya kwanza ambayo hukuvuliwa buti. Ya kwanza ambayo unasema lugha yetu mwanzo mpaka mwisho. Na ya kwanza, Hector hachoki kulisema hili, ambayo hufi.

Ulikuwa ukijifunza maneno yake uani, umekaa chini umeegemea ukuta wa jiko, Sajenti mbele yako. Mama alikuwa upande wa pili wa ukuta huohuo, anasuka kikapu chake cha nyasi. Mimi nilikuwa naanua nguo. Maneno mengine yalikuwa ya farasi na maji, sikuyashika. Ila siku moja ulimwambia mbwa hivi, nami nilisimama na shati mkononi:

"Sajenti, nenda ukamwambie yule mama aliye nyuma ya ukuta. Mwambie binti aliyenipa ni mzuri, ingawa anaunguza mkate. Mwambie nimekwenda mbali, dunia nzima imenitazama. Wamenitazama nikiwa sina viatu, wamenitazama nikifa, wamelipa ili wanitazame. Yeye peke yake ndiye aliyeniheshimu mpaka asinitazame. Kila ninapotoka huko, nikikohoa mlangoni nikasikia fimbo yake inaondoka, najua nimefika kwetu."

Sajenti alikulamba kidevu. Mama aliendelea kusuka. Jioni ndipo aliponiambia, "Wanajua kutunga, hao watu wa sinema. Aliyeandika yale ana mama mkwe."

Mwezi uliopita Renata alipiga simu, kwamba mwaka unaisha, je, aionyeshe au aifungie? Tulikutana uani kwa Hector, simu imewekwa juu ya pipa, sauti imefunguliwa. Mama alikaa nyuma ya tangi la maji, kwa sababu Hector, ndugu yako, ni mkwe wake vilevile. Maneno yalipita kwangu, ingawa kila mtu alisikia kila kitu.

"Mwambie mtu aliye nyuma ya tangi," alisema Hector, "kwamba ndugu yangu amekufa katika filamu za watu wote. Hii moja anaishi. Nataka wajukuu wamwone anaishi."

"Mwambie huyo mpiga kelele," alisema Mama, "kwamba sijaziba masikio. Na mwambie wakimwonyesha mtu huyu sasa, hataondoka kamwe. Anazungukazunguka. Bado ana neno na mimi."

Noreen akaanza kulia. Kunmanara alisema yeye anataka jina lake tu, mengine tuamue sisi. Tukavutana mpaka chai ikapikwa upya. Mimi nilikuwa naangalia mabega ya Mama yanavyopanda na kushuka kwa kukohoa nyuma ya tangi, na nikaona bora tupatane katikati.

"Renata, mwanangu," nikasema, "tukikubali, nakuomba kitu kimoja. Yale maneno anayomwambia mbwa, yakate. Mama yangu hatayaweza."

Renata akauliza:

"Mbwa gani, Shangazi?"

"Mbwa. Pale anapomtuma mbwa kwa mama mkwe wake."

"Shangazi, hakuna mbwa kwenye filamu. Wala hakuna mama mkwe. Mjomba yuko na farasi tu, tangu mwanzo mpaka mwisho."

Hector alivua kofia. Nyuma ya tangi fimbo ilianguka.

"Muriel," akasema Mama. "Muulize tena."

Nikamuuliza tena. Hakuna mbwa, alisema Renata, haijawahi kuandikwa sehemu yenye mbwa, na akauliza kama amekosea kitu. Nikamwambia hapana, mwanangu, hukukosea.

Kisha tukamsikia Mama anacheka kule nyuma, kicheko chembamba, na hakikuchukua muda kikawa kitu kingine.

"Alikuwa anasema na mimi. Mkwe wangu kanifungulia moyo wake, nami nikawasifu watu wa sinema!"

Niliinuka niende kwake, akanizuia kwa sauti.

"Kaa hapohapo. Basi yeye alikwisha kusema. Hana jambo tena. Ni mimi ambaye sijamjibu. Mtoto wa watu anakohoa mlangoni mwaka mzima anasubiri jibu langu, na kila akija mimi nainuka namkimbia." Akavuta pumzi. "Mwambieni binti aonyeshe filamu."

Kwa hiyo sikiliza, mume wangu, na jamaa wote mnaosoma msikie. Ni Jumamosi hii, jua likishazama, kwenye uwanja wa mpira. Pazia litafungwa ubavuni mwa lori la Kunmanara. Mkia wa kangaruu utachomwa, na mkate nitaoka mimi, msiniletee maneno. Filamu ikiisha, Hector atasimama atalitaja jina lako kwa sauti, mbele ya watu wote, na kuanzia hapo litakuwa jina la kutajwa. Kunmanara ameonywa asiitike kabla yako.

Mama amekwisha kuchagua mahali pake. Kiti chake kitakuwa mbele kabisa, mgongo kwenye pazia. Sajenti ameogeshwa, atalala miguuni pake. Nilimuuliza Mama atasema nini.

"Nitamwambia mbwa," alinijibu. "Wewe ni mbwa?"

Mimi nitatazama. Mwaka mzima nimefumba macho. Jumamosi nitazitazama buti zako, na kofia, na lile jino lililovunjika kwa farasi, mpaka ule mwisho ambao hufi. Nitalia, usinijali. Nimekukawiza vya kutosha kwa kuutazama ule mlango. Taa zikiwaka sitageuza kichwa kuona kama bado upo.

Unakumbukwa na mimi mkeo Muriel, na kaka yako Hector, ambaye siku hizi hana wa kumuuliza amekufa kwa nini, na dada yako Noreen, ambaye vijiko vyake vimepinda vyote, na wapwa zako wote, ambao hawachezi tena mchezo ule, na binamu yako fundi, anayelisubiri jina lenu, na Sajenti, na mama mkwe wako Bibi Maudie, ambaye hajakutazama hata mara moja.

Siku zote tutakukumbuka. Jumamosi ukifika, kohoa kama kawaida yako. Mama hatainuka.